Simu Iliyolala Juu ya Jinzi

Jumapili moja pale soko la Kibuye, Kisumu, siku ambayo soko hufurika watu, jirani yangu wa kibanda alipoteza mteja huku namwona. Alikuwa amefungua beli ya mitumba asubuhi hiyohiyo. Kamera, yaani nguo bora za beli, bado zilikuwa juu; fagia, yale mabaki ya mwisho, hazijaanza kuonekana. Mama mmoja akachukua suruali ya jinzi, akaikunjua, akajaribu zipu, akauliza bei. Kimya. Akauliza tena. Jirani yangu alikuwa ameikodolea macho simu iliyolala juu ya rundo la jinzi, akiigusa kila ilipozima ili iwake tena. Tiki mbili za buluu. Ujumbe umesomwa, jibu hakuna. Mama akairudisha suruali, akasema "haya basi", akaenda zake.

"Dada, huyo alikuwa ananunua," nikamwambia.

"Hajaniongelesha tangu jana usiku," akanijibu. Hakuwa akimzungumzia mteja.

Simcheki, maana nami nimepita huko. Nilipohamia Kisumu kutoka kwetu Vihiga nilikuwa na rafiki mmoja tu, nikambebesha kila kitu. Nilimpigia nikitaka kununua mtungi wa gesi, nilimpigia nikikosana na mwenye nyumba, nilimpigia saa saba usiku kumuuliza kama amenikasirikia. Hakuwa amekasirika, alikuwa amelala. Mwaka wa pili alibadilisha namba na hakunipa mpya. Nilimchukia. Leo nadhani ningekuwa yeye ningefanya vilevile.

Wengi husema shida ya watu kama sisi ni kupenda kupita kiasi. Mimi naona shida ni hesabu ya watu. Kijijini mtu akiumia moyo kuna shangazi wa kumsikiliza, bibi wa kumkaripia, na wenzake wa mtoni wa kumchekesha mpaka asahau. Mjini tunajifungia katika chumba kimoja huko Manyatta au Nyalenda, kisha tunamteua mtu mmoja awe shangazi, bibi, wenzetu wa mtoni na daktari. Akichelewa kujibu saa moja, ni kama kijiji kizima kimekununia. Kwa hiyo sisemi tusitegemeane. Nasema tuwategemee wengi zaidi.

Mwaka 1954 mwanasaikolojia Mary Ainsworth alifika Uganda, hapo ng'ambo ya ziwa, akawa anawatazama watoto wachanga na mama zao katika vijiji vya karibu na Kampala. Kitabu chake juu ya kazi hiyo kilitoka 1967. Aliona kwamba mtoto mwenye imani na mama yake hutambaa akaenda kuchokora vitu, akageuka kuhakikisha mama yupo, akaendelea. Wenye kulialia hata wakiwa wamebebwa ndio waliokosa imani hiyo. Sisi watu wazima tunamwona mtu ameng'ang'ania, tunasema, "Huyo anapenda kweli!"

Sifa hizo zina gharama. "Siwezi kuishi bila wewe" ikitoka kwa mwanamume aliyeachwa, siku hizi mimi nasikia kitisho. Tarehe 27 Januari 2024 watu waliandamana katika miji kadhaa ya Kenya kupinga mauaji ya wanawake. Muuaji ni muuaji, na asije mtu akamtafutia udhuru wa mapenzi katika maneno yangu. Lakini ukishamfanya mwenzako kuwa pumzi yako, siku anapofungasha nguo zake utaona anakuibia. Hapo ndipo ningependa wazee wetu wa kiume wakae na vijana, badala ya kuwaambia tu wajikaze.

Na kuna utegemezi ambao hata hatuuiti kwa jina hilo: mzazi anayemgeuza kifungua mimba kuwa mshauri wake. Mtoto wa darasa la saba anajua deni la dukani, anajua baba alilala wapi, na akicheka na wenzake anajiona msaliti.

Jirani yangu tulimvuta kwenye chama chetu cha Alhamisi. Wiki ya kwanza alikaa karibu na mlango, simu mkononi. Sasa ndiye anayebishana zaidi kuhusu faini za wanaochelewa, ingawa yeye mwenyewe huchelewa.

Juzi simu yake ililia akimhesabia mteja chenji. Alimaliza kuhesabu kwanza. Halafu akaidaka kwa pupa hadi ikamponyoka, ikaangukia kwenye fagia.