Nilivyokuwa Mgeni Rasmi kwa Kukosa Pumzi

Mimi si mtu wa mbio, hilo lieleweke mapema. Ni keshia wa duka la vifaa vya ujenzi, nakaa kwenye kiti cha kuzunguka tangu saa mbili asubuhi mpaka mabati yaishe au jua lizame. Hata daladala silikimbilii. Konda akiniona kwa mbali anapiga bodi gari liondoke, anajua huyu atapanda lijalo.

Yote yaliletwa na Simbu. Asubuhi ya tarehe 15 Septemba 2025 niliamka nikakuta simu imejaa video moja: Alphonce Simbu yuko Tokyo, anaingia uwanjani na Mjerumani, kilomita 42 wamezimaliza na bado wanafukuzana kama watoto waliotumwa dukani wakagombea chenji. Wote wawili wakaandikiwa saa 2, dakika 9 na sekunde 48. Kilichowatenganisha ni sekunde 0.03, muda ambao mimi hata kope sijafumba. Dhahabu ya kwanza ya Tanzania katika mashindano ya dunia ya riadha! Nilipiga kelele sebuleni mpaka mwanangu wa mwisho akaamka analia.

Sasa wiki hiyohiyo nesi wa zahanati alikuwa amenifunga ule mpira wa presha, akasoma 150 kwa 95, akanitazama kama fundi anavyotazama ukuta uliojengwa bila nondo. Nikajumlisha mambo hayo mawili, dhahabu na presha, nikaenda jikoni.

"Mke wangu, naanza mazoezi."

Alikuwa anapepeta mchele. Hakuinua kichwa. "Ya nini?"

"Ya kukimbia."

"Nakuuliza ya nini, unanijibu ya kukimbia."

Mpwa wangu, kijana wa chuo, alijaribu kunisaidia. "Anko, usianze na mbio. Kuna programu ya wiki tisa ya watu ambao hawajawahi kabisa. Unakimbia sekunde 60, unatembea sekunde 90, unarudia hivyo kwa dakika 20. Siku tatu kwa wiki basi. Wiki ya tisa unakimbia kilomita tano bila kusimama."

Nilimsikiliza kwa heshima zote. Alipoondoka nikachukua kikokotoo, maana keshia haachi ukeshia. Nikagawanya muda wa Simbu kwa kilomita zake, nikapata dakika 3 na sekunde 5 kwa kila kilomita. Nikaona mimi ni mgeni kwenye biashara hii, nijipe punguzo: dakika sita. Sekunde 60 za kukimbia kisha utembee 90? Huko ni kukimbia au kutafuta kitu kilichodondoka?

Raba nilizipata soko la Karume, mtumba, shilingi 25,000. Muuzaji aliapa kwamba zilivaliwa mara moja tu, na Mzungu aliyekuwa anaogopa kuzichafua. Truksuti nikanunua mpya, bluu bahari, mistari myeupe begani. Kofia nyeupe. Mkononi nikavaa ile saa ya rangi ya dhahabu ya harusini, ya kupimia muda. Mke wangu akanizunguka kama anayekagua gari la kununua, akasema, "Sasa hapa unakwenda kukimbia au kuzindua zahanati?"

Kauli hiyo niliikumbuka baadaye.

Siku ya kwanza, Jumatano, nilifika hatua 140. Nilizihesabu. Kumi za kwanza nilikuwa Simbu mwenyewe. Ya hamsini nikawa Mjerumani. Ya mia kichomi kikaniingia ubavuni upande wa kulia, na zile arobaini za mwisho sijui nilizipigaje, nakumbuka tu nimejikunja kwenye kibanda cha mama wa vitumbua, mikono magotini. Mama wa watu akaacha kijiko kwenye mafuta akanivutia kigoda. "Pole baba," akasema kwa sauti ya chini, "ni nani amefariki?"

Niseme nini? Nikanunua vitumbua sita, nikarudi nyumbani.

Jumamosi ndiyo yenyewe. Nilitoka Mwananyamala saa kumi na moja na nusu alfajiri ili hata paka wasinione, nia yangu nifike makutano ya Morocco, palepale mjini, nigeuze. Nikafika, kwa mchanganyiko wa kukimbia, kutembea na kujifanya nafunga kamba za raba. Pale kwenye barabara kubwa nikakumbatia nguzo ya umeme. Kofia imekaa upande, jasho linaingia machoni, moyo unadunda mpaka kwenye meno.

Ndipo nikasikia filimbi.

Kama unaishi Dar es Salaam unazijua klabu za jogging za mwisho wa wiki. Kirikuu kimebeba spika, ngoma, fulana za sare, watu sabini themanini wanaimba mchakamchaka, na mbele kabisa kuna katibu. Katibu wa jogging hakimbii tu, anakimbia na faili. Huyu aliponiona akanyoosha mkono, msafara mzima ukasimama unarukaruka palepale.

"Shikamoo mheshimiwa! Tulijua tutakukuta. Wengine walisema hutakuja, mimi nikasema mgeni rasmi wetu ni mtu wa watu!"

Hapa nataka msomaji anionee huruma kidogo. Kukanusha uheshimiwa kunahitaji maneno mawili tu: mimi siye. Lakini maneno mawili yanahitaji pumzi, na mimi sikuwa nayo hata ya neno moja. Nilichotoa ni "Mm... mm... ss..." Nikaona niinue kidole kimoja, kumwambia nipe dakika moja, kijana wangu, nitakueleza.

"Anawasalimia!" akapaza sauti katibu. Watu sabini themanini wakainua kidole kimoja kimoja na kushangilia. Ngoma ikalia. Nikavishwa skafu shingoni, dada mmoja akanishika kiwiko, na kabla sijarudisha pumzi nilikuwa mbele ya msafara, naelekea Coco Beach.

Kumbe kuna itifaki. Mgeni rasmi hapitwi. Anaweza kukimbia, kutembea au kutambaa, lakini hakuna wa kumtangulia isipokuwa kirikuu. Kwa hiyo mwendo wa klabu nzima, wakiwemo vijana waliokuwa wanajiandaa na marathoni ya Kilimanjaro kule Moshi, ukawa mwendo wangu. Nyuma yangu mzee wa miaka kama sabini alikuwa anatembea tu, mikono mgongoni, tena anasubiri. Kirikuu kikawa kinaunguruma kwa gia ya kwanza na kuzimika kila baada ya muda. Dereva wa bodaboda akatuuliza kama tunasindikiza jeneza.

Yule dada aliyenishika kiwiko ndiye kocha. Alinitazama usoni, akashusha sauti.

"Mheshimiwa, shusha mabega. Fungua ngumi. Piga hatua fupi, kama unatembea kwenye varanda ya watu waliolala."

Nikashusha.

"Sasa niambie umekula nini jana usiku."

"U... gali..."

"Na nini? Sitaki neno, nataka sentensi. Mwendo ukikuzuia kutoa sentensi nzima, umezidisha. Unafikiri kwa nini mchakamchaka una nyimbo? Si mapambo. Mtu anayeimba hawezi kujiua kwa mwendo, wimbo wenyewe unamrudisha."

Nikapunguza mpaka nikaweza kusema, "Jana usiku nilikula ugali na dagaa wa nazi." Watu wazima tunafurahia mambo madogo. Nilikuwa nakimbia na nazungumza! Pole pole kiasi kwamba konokono angetupungia mkono, lakini miguu yote miwili ilikuwa inaacha ardhi, na kichomi kikatoweka hivihivi. Miaka saba ya shule ya msingi nimekimbia mchakamchaka kila asubuhi nikidhani ni adhabu, kumbe walimu walikuwa wanatupimia pumzi.

Na ningekuwa na akili, hapo hapo kwenye pumzi iliyorudi ningesema ukweli. Nakiri. Pumzi nilikuwa nayo kuanzia pale karibu na kanisa la St. Peter's, ila magari yalikuwa yanatupisha, abiria wa daladala wananipungia, trafiki mmoja amenipigia saluti, na mimi tangu nizaliwe sijawahi kupigiwa saluti na mtu yeyote ila mlinzi wa dukani, tena mwisho wa mwezi. Nikasema moyoni, tufike kwanza.

Raba ndiyo iliyoanza kusema ukweli kabla yangu. Ya kulia ilifunguka mdomo mbele, soli ikaning'inia, nikawa kila hatua napiga pa-TA, pa-TA. Baadaye fundi viatu alinieleza kwamba raba ikikaa miaka mingi stoo, hata kama haijavaliwa, gundi inakauka na ule usponji wa ndani unamumunyuka kama mkate. Mzungu wa watu hakuwa anaogopa kuzichafua, zilikuwa zimezeeka. Lakini mpiga ngoma hakujua hayo. Alisikia pa-TA, pa-TA kutoka kwa mgeni rasmi, akadhani nimeomba mdundo mpya. Akaushika. Filimbi ikaingia. Mpaka tunafika ufukweni klabu nzima ilikuwa inacheza mdundo wa soli yangu, na watu wanasema mheshimiwa huyu ana mambo.

Coco Beach walinikalisha kwenye kiti cha plastiki, pekee kilichofungwa kitambaa cheupe. Wao wakaendelea na viungo kwenye mchanga, mimi nikawa napunga upepo wa bahari na kumtafuta katibu nimnong'oneze. Kila nikimwita anasema, "Bado kidogo mheshimiwa, inakuja risala."

Risala ikaja, kurasa mbili. "Mgeni rasmi, itifaki imezingatiwa." Wakasoma mafanikio: kuzika wenzao, kuchangia damu, kutembelea wagonjwa. Kisha changamoto. Risala bila changamoto ni barua ya mapenzi. Changamoto yao kubwa ilikuwa ngoma: moja imepasuka, nyingine ya kuazima.

Koo langu lilikuwa limekauka, na kwenye meza ya wakuu, mbali nami, kulikuwa na chupa moja ya maji. Kwa unyenyekevu kabisa nikainua kidole kimoja kumwonyesha kijana wa huduma. Moja tu, jamani.

"Laki mojaaaa!" akalipuka mshereheshaji kwenye maiki. "Mgeni rasmi hajangoja hata risala iishe! Laki moja ya ngoma!"

Vigelegele. Ngoma ya kuazima ikapigwa kwa furaha ya kwenda kurudishwa. Mweka hazina, mama mnene mwenye miwani na daftari la kaunta, akaandika.

Na hapo ndipo bwana mmoja mwembamba kama fimbo, amevaa fulana iliyofifia na bukta, akatoka safu ya nyuma kabisa akaja mbele anafuta jasho. "Samahani ndugu katibu. Mimi ndiye uliyenipigia simu juzi."

Kimya. Mawimbi tu.

Kumbe alikuwa amesimama Morocco, upande wa pili wa barabara, tangu saa kumi na moja. Alipotuona akavuka akajiunga. Amejitahidi kuja mbele kujitambulisha na mara tatu vijana wamemrudisha nyuma: "Mzee, tulia, mgeni rasmi hapitwi." Akatulia. Amekimbia njia nzima akimfuata mgeni rasmi kwa adabu, na aliniambia baadaye kwamba tangu aanze mazoezi hajawahi kuchoka kwa ajili ya kwenda taratibu kiasi kile.

Katibu alinigeukia. Faili limeshuka. "Kwa hiyo wewe ni nani?"

Pumzi nilikuwa nayo ya kutosha sasa. "Mimi ni keshia."

Aliyeanza kucheka ni yule bwana mwenyewe. Alicheka mpaka akakaa mchangani, akashika mbavu, naye akapatwa na kichomi ambacho kilomita tatu na ushee hazikumpa. Wengine wakafuata. Mzee wa miaka sabini aliniambia, "Mwanangu, nilikuwa najiuliza nchi inakwenda wapi na viongozi wa aina hii." Wakanivua skafu, wakaniachia kiti.

Mtu mmoja tu hakucheka. Mama mweka hazina alinisogelea na daftari lake, akaweka kidole kwenye mstari. "Uheshimiwa umefutwa, baba yangu. Ahadi haifutiki, nimeandika kwa kalamu ya wino."

Nilirudi kwa bajaji, raba moja mkononi. Mke wangu alikuwa mlangoni na simu. Picha ya mumewe kwenye kiti cheupe ilikuwa imeshafika kwenye kikundi cha wazazi wa shule. "Hiyo zahanati," akauliza, "umeizindua salama?"

Laki moja sikuwa nayo. Tukapatana na mama mweka hazina nilipe elfu tano kila Jumamosi, mkononi mwake, na yeye hapokei kwa simu wala hapokei kabla ya mazoezi. Anapokea Coco Beach, baada ya viungo, na kufika Coco Beach lazima ukimbie. Mpwa wangu anasema hii nayo ni programu, tena ni ndefu kuliko ile ya wiki tisa. Kuanzia Jumamosi ya nne nilikuwa siachwi na kirikuu. Ya saba nilimpita yule mzee, ingawa alikuwa amesimama anaongea na simu.

Nimelipa Jumamosi tisa. Zimebaki kumi na moja. Jana katibu amenipigia, ananiuliza kama ile truksuti ya bluu bado ninayo, maana wiki ijayo mgeni rasmi ametoa udhuru.