Tax na HBZ: nani anayeleta saratani ya damu ya HTLV-1?

Wanafunzi wa udaktari hapa Lubumbashi wakigusa HTLV-1, ubishi huishia kwenye protini mbili za kirusi hicho, Tax na HBZ. Ni ipi inayogeuza seli T, chembe ya kinga, kuwa lukemia?

Walio upande wa Tax hawakosi hoja. Protini hiyo huwasha NF-kB, njia ya ishara ndani ya seli inayoifanya seli iendelee kuishi na kuzaana, na huidhoofisha p53, protini ya seli ambayo kazi yake ni kuisimamisha seli yenye DNA iliyoharibika. Panya waliowekewa Tax kwenye seli T waliugua lukemia. Lakini ukipima wagonjwa wenyewe, karibu nusu yao au zaidi seli zao za saratani hazina Tax. Kipande cha DNA kinachoianzisha kimekatika au kimefungwa kwa kemia, au jeni yenyewe imeharibika. Si ajabu: kinga huitambua Tax upesi, na seli inayoionyesha huuawa.

HBZ husomwa kutoka uzi wa pili wa DNA ileile, kwa mwelekeo wa kinyume, hivyo hitilafu za upande wa Tax mara nyingi haziigusi. Huonekana karibu kwa kila mgonjwa. Kinga huiona kwa shida, nayo huizuia Tax isifanye kazi. Hata RNA yake, yaani nakala ya jeni kabla ya kuwa protini, husukuma seli zizaane. Panya waliowekewa HBZ nao walipata limfoma, saratani ya tezi za limfu.

Kwangu mimi, Tax ndiyo iliyowasha makaa na HBZ ndiyo inayoyapepea. Mabadiliko ya jeni kama PLCG1 na CARD11, ya kawaida kwa wagonjwa hawa, yamo kwenye njia zilezile Tax ilizozichochea. Seli ikishayapata haihitaji tena Tax kila siku. Ila nisiizike mapema: katika seli za saratani zinazokuzwa maabara, Tax imeonekana ikitokea kwa muda mfupi kwenye seli chache, na ikiondolewa kabisa kundi zima hudhoofika.

Tofauti hii inagusa tiba. Japani wamejaribu chanjo ya kuifunza kinga kuishambulia Tax, na kwa mgonjwa ambaye Tax yake imezimika moja kwa moja sitarajii mengi.

Wenye kirusi wanaougua lukemia ni kama asilimia 3 hadi 5, tena baada ya miongo, wengi wao wakiwa wameambukizwa kwa kunyonya. Japani hupima wajawazito na kuwashauri maziwa ya kopo au kunyonyesha kwa muda mfupi. Afrika ya kati nayo ina kirusi hiki, lakini kumwambia mama wa Katuba, mtaa wa hapa Lubumbashi, aache kunyonyesha, wakati maji ya kuchanganyia hayaaminiki, ni kumpeleka mtoto kwenye kuhara kwa ajili ya saratani ya uzeeni. Kwenye damu ya kuongezewa ndipo ningeanza kupima.