Bendi ipewe siku yake

Wiki hii kwenye mlango wa baa ninayokwenda kusikiliza muziki kumebandikwa tangazo. Bendi haitapiga tena kila Alhamisi. Muziki wa laivu utakuwepo "kwa matukio maalumu", na Alhamisi nyingine zote kutakuwa na DJ na skrini kubwa. Nilikuwa bado nalisoma aliposogea jamaa mmoja, akasoma naye, akasema, "Kwani shida iko wapi? Muziki si utakuwepo tu?" Akaingia ndani. Maneno hayo yamenikaa kooni tangu usiku ule.

Sidhani kama jamaa huyo ana ubaya wowote, na wanaofikiri kama yeye ni wengi. Mtu ana simu yenye nyimbo nyingi kuliko atakazowahi kuzisikiliza maisha yake yote; ukimwambia Alhamisi imefutwa, haoni kilichopotea. Meneja naye ana hesabu zake, na bila shaka kuna Alhamisi ambazo hesabu hizo zilimtia huzuni. Ila wote wawili wanaamini kwamba bendi ya kila wiki na bendi ya tukio maalumu ni kitu kilekile, tofauti ikiwa ni mara ngapi inapanda jukwaani. Hapo ndipo ninapokataa kabisa.

Chukua wimbo mmoja tu. Bendi yetu ilileta kibao kipya ambacho siku ya kwanza kilikuwa na beti mbili na kiitikio, basi. Kilipofika katikati, wapigaji wakaanza kutazamana kwa sababu hakuna aliyejua pa kutokea. Mwimbaji akacheka, akakikatisha, wakaingia wimbo mwingine. Alhamisi iliyofuata wakakirudia, safari hii kwa mwendo wa polepole zaidi. Baadaye mpiga gitaa la solo akapata kipande kifupi cha noti chache cha kuingilia kiitikio, na watu wa meza ya pembeni wakawa wanakiimba kwa midomo yao kila kilipokaribia. Bendi ikawasikia. Ikakirefusha. Leo kipande hicho ndicho kinachofungua wimbo, na gitaa likilia noti mbili za mwanzo tu, watu wameshasimama. Wimbo huo haukutoka kamili kichwani mwa mtunzi. Ulitengenezwa mbele yetu, wiki baada ya wiki, na wale wa meza ya pembeni wana sehemu yao ndani yake hata kama majina yao hayataandikwa popote.

Sasa nionyeshwe tukio maalumu linaloweza kufanya kazi hiyo. Siku ya tukio maalumu kiingilio kimepandishwa, watu wamependeza, meneja amesimama karibu na jukwaa akihesabu vichwa. Bendi haithubutu kujaribu lolote. Inapiga nyimbo zilizokwishahakikishwa, na ina haki, kwa sababu aliyelipa pesa nyingi kwa usiku mmoja hataki kusikia wimbo unaotafuta njia. Matokeo yake ni kwamba bendi inayoishi kwa matukio maalumu mwisho wake hugeuka bendi ya kupiga kopi, hata kama waliomo ni watunzi wazuri.

Wapenzi wa rumba na dansi hatuna haja ya kubishana sana juu ya hili, kwa sababu ushahidi umo kwenye majina ya bendi tunazozipenda. Mwaka 1956, mji wa Kinshasa ukiitwa bado Léopoldville, wanamuziki waliokuwa wakipiga O.K. Bar waliunda bendi na kuipa jina la baa hiyo: OK Jazz. Franco alikuwa mmoja wao, mpiga gitaa kijana ambaye hata miaka 20 hajafikisha. Mwaka 1970 ilifunguliwa klabu ya Baobab mjini Dakar, ikajiundia bendi yake ya kudumu, na Orchestra Baobab bado inabeba jina la ukumbi ambao ulishafungwa zamani. Mwaka huohuo mjini Bamako, Rail Band ikaanza kuwapigia wateja wa hoteli ya stesheni ya reli. Humo ndimo alimoimba Salif Keita, kisha Mory Kanté. Na mwaka 1978 Dar es Salaam ikapata Mlimani Park Orchestra, ile Sikinde ya akina Muhidin Gurumo, Hassan Bitchuka na Michael Enoch. Mlimani Park ilikuwa baa.

Watu husimulia habari hizi kana kwamba ni bahati: wenye vipaji walikutana, mambo yakajipa. Vipaji vilikuwepo, sawa. Lakini vipaji vipo kila mahali na kila zama, na vingi hufa bila kusikika. Wale walikuwa na kitu cha ziada, nacho ni mahali pamoja pa kurudi na siku zinazojulikana. Ukumbi uliwapa nafasi ya kuweka vyombo na kufanya mazoezi, uliwapa malipo ambayo mtu angeweza kuyapangia maisha, na zaidi ya yote uliwapa watu walewale, wanaokumbuka ulichopiga juzi na watakaokuuliza kwa nini leo umekiacha.

Wasiowahi kukaa karibu na wanamuziki hawajui jinsi bendi inavyovunjika. Wanafikiri kuna ugomvi mkubwa, milango inapigwa, mtu anatangaza kuondoka. Mara nyingi hakuna ugomvi wowote. Mpiga besi aliyekuwa na uhakika wa Alhamisi, siku ikifutwa, anatafuta kazi nyingine ya Alhamisi. Mpiga dramu anaitwa na bendi ya harusi. Mpiga kinanda anasema atakuja akipata nafasi. Likifika hilo tukio maalumu, wanaopanda jukwaani ni watu ambao jioni hiyo hawakuwa na kazi kwingine, hawajafanya mazoezi pamoja muda mrefu, na kila mmoja anamtazama mwenzake amwonyeshe wimbo unapokatika. Mteja anasikia kasoro na kusema bendi imeshuka kiwango. Meneja anamsikia mteja, anapunguza matukio. Halafu tunaambiwa kwamba watu siku hizi hawapendi muziki wa laivu!

Hata sauti yenyewe inategemea mazoea. Fundi mitambo wetu anaijua baa ile kona kwa kona. Anajua besi inavumia wapi, anajua kwamba watu wakijaa sauti ya mwimbaji inamezwa na lazima aipandishe kidogo, anajua spika ya kushoto ikielekezwa ukutani inarudisha kelele. Ujuzi huo ni wa chumba kile na hausafiri.

Meneja atasema Alhamisi ni siku dhaifu. Na Jumatatu je? Huko Harlem, New York, mwanzoni mwa miaka ya 1940, klabu ya Minton's Playhouse iliwaachia wanamuziki usiku wa Jumatatu, siku ambayo wengi wao hawakuwa na kazi kwenye bendi zao, waje wapige wanavyotaka. Kwenye kinanda alikuwa Thelonious Monk, kwenye dramu Kenny Clarke, na kutokana na usiku za namna hiyo jazi ikageuka ikawa kitu ambacho wazee wake hawakukitambua. Siku dhaifu ni zawadi kwa mwenye baa anayejua aifanyie nini. Ijumaa na Jumamosi watu watakuja hata ukiwafungulia redio.

Mfano unaonigusa kuliko yote ni wa Les Paul, yule mpiga gitaa ambaye jina lake lilianza kuwekwa kwenye magitaa ya Gibson mwaka 1952. Tangu miaka ya 1980 alikuwa akipiga kila Jumatatu kwenye klabu ndogo ya New York iitwayo Fat Tuesday's, na ilipofika miaka ya 1990 akahamia nyingine, Iridium. Ugonjwa wa yabisi ulimkaza vidole vingi, akalazimika kutafuta upya namna ya kuushika mpini wa gitaa kwa vichache vilivyobaki. Aliendelea na Jumatatu zake mpaka mwaka 2009, mwaka aliofariki akiwa na umri wa miaka 94. Kwa jina alilokuwa nalo hakuhitaji kuonekana kwenye klabu ndogo kila wiki. Alikwenda. Wapiga gitaa waliokuwa wanapita mjini walijua wakifika Jumatatu watamkuta, na wengine walipandishwa jukwaani wakapiga naye. Nikifikiria mzee wa umri ule akifungua kasha la gitaa kwa vidole visivyokunjuka kwa sababu tu leo ni Jumatatu na watu wanamsubiri, nashindwa kuelewa sisi tunaoghairi kwa sababu ya manyunyu ya mvua.

Nakubali kwamba kuna bendi mbovu, na bendi mbovu kila wiki ni mateso. Nakubali pia suala la kelele, ingawa kwa shingo upande, kwa sababu mara nyingi hutumiwa kama kisingizio na watu ambao tatizo lao ni muziki wenyewe. Shirika la Afya Duniani mwaka 2022 lilitoa viwango vya kumbi za burudani, na linataka wastani wa sauti usizidi desibeli 100 kwa kila dakika 15. Ziko bendi zinazovuka hapo bila sababu yoyote ya kimuziki, ni kushindana tu nani ana spika kubwa. Masikio yakiharibika hayarudi, na jirani ana haki ya kulala. Basi sauti ipunguzwe, bendi ianze mapema, imalize mapema. Hayo yote yanawezekana bila kuifuta siku.

Kuhusu malipo nitasema moja tu: mwenye baa anayemwambia mwanamuziki "utajulikana" badala ya kumlipa ajaribu kumlipa mwenye kiwanda cha bia kwa maneno hayohayo.

Tatizo jingine ni sisi tunaokaa mezani. Kuna mtu anayebishana na binti wa mlangoni juu ya kiingilio kidogo kuliko bei ya kinywaji atakachoagiza akikaa. Kuna anayezungumza kwa sauti ya kumshinda mwimbaji wakati wa wimbo wa taratibu, kisha anapiga makofi kuliko wote ukiisha. Kuna anayeinua simu usiku kucha akirekodi, wa nyuma yake wanatazama kiooni badala ya jukwaani. Na kuna sisi tunaosema tunaipenda bendi, tunaisifia kila mahali, tunakuja tukijisikia. Bendi haiwezi kuja ikijisikia. Imebeba vyombo, imeseti, imejaribu maikrofoni, na saa ikifika inapiga hata kama kuna meza tatu. Kama tunataka siku yake iheshimiwe na meneja, sisi tuwe wa kwanza kuiheshimu.

Usiku wa meza tatu, kwa kweli, ndio ninaoukumbuka kwa furaha zaidi kuliko ile iliyofurika. Mvua ilikuwa imezuia watu. Bendi ikashuka jukwaani, ikavuta viti, ikapiga karibu nasi bila maikrofoni nusu ya usiku. Mpiga tumba alitueleza kwa nini anavaa plasta vidoleni. Mwimbaji, ambaye siku za watu wengi hazungumzi, alitufundisha sauti ya pili ya kiitikio, nasi tukaiimba vibaya, kisha vizuri, na mhudumu akaacha kufuta meza akashika ya tatu. Walipomaliza, kila mtu alitoa alichokuwa nacho kuwatuza. Mambo ya namna hii hayawezi kutangazwa wala kuuzwa tiketi. Yanatokea kwa sababu bendi ilikuwa na wajibu wa kuwepo siku hiyo, na sisi tulikuwa na mazoea ya kwenda.

Kwa hiyo sisi wa Alhamisi tumemwandikia meneja. Hatukumlaumu, maana baa ni yake na hasara ni yake. Tumemwomba airudishe siku kwa miezi mitatu, mfululizo, bila kuruka hata moja, na skrini izimwe bendi ikianza. Sisi tutalipa kiingilio cha mwezi mzima mwanzoni mwa mwezi, tukija tusije, ili bendi ijue kiasi gani kipo mezani hata mvua ikinyesha. Majina ya waliokubali yamejaza karatasi upande mmoja na tumegeuza wa pili. Amesema atalifikiria. Mpiga besi naye, ambaye hana muda wa kusubiri watu wafikirie, ametuambia kuna baa nyingine yenye jukwaa dogo linalokaa tupu kila Jumanne, na ameshakwenda kuzungumza na mwenyewe.