Hapana, Sikuiba Waifai ya Plot

Najua wengi wenu mshaipata hii stori kwa Kinyozi, maana saa hii kila kichwa kinachonyolewa pale Kondele kinatoka na jina langu. Yeye anasema ati nilichomoa intaneti ya plot nzima nikaificha kwangu. Sasa niulize, ningekuwa nimeiba si ningekuwa nayo? Mimi nilikosa intaneti pamoja na nyinyi wote, tena mimi ndio nilikuwa nalalamika kwa sauti kubwa zaidi.

Kwa wale hamkai Migosi, jaduong' mwenye plot alituwekea faiba moja, kila nyumba inalipa kidogo juu ya rent. Boksi ya kampuni iko kwa staircase, chini yake kuna swichi, halafu kutoka kwa swichi waya zinatawanyika kuingia kwa manyumba. Na injinia wa hiyo plot ni mimi. Sijasomea popote, ni vile tu kompyuta ya Mama Mapacha ilikataa kuwaka ikawa inalia tii tii tii, nikaitoa ram, ile kadi ya memori, nikaisugua yale meno yake ya dhahabu na raba ya penseli, nikairudisha, ikawaka. Basi jina likashika. Hata waya za swichi mimi ndio nilizibandika lebo za masking tepu, nyumba ya kwanza mpaka ya mwisho, na kwa yangu nikaandika kwa maka nyeusi NYUMBA 7 – INJINIA. Hiyo lebo tutarudi kwake.

Chumba changu cha kulala signal hufika ikiwa imechoka, so nikatoa rauta ya zamani iliyokuwa chini ya kitanda. Paswadi nilikuwa nimesahau, nikaidunga reset na pini, nikachukua waya wa ukutani nikauingiza kwa mojawapo ya zile poti za LAN, zile za kuunganisha kompyuta za ndani. Mafundi wa kweli mlioko hapa msianze kucheka, mpaka hapo niko sawa kabisa! Ukichomeka rauta hivyo inageuka swichi yenye waifai, bora tu uingie ndani yake uzime DHCP, ile kazi ya kugawia vifaa anwani, kwa sababu boksi ya kampuni tayari inagawa na mtandao mmoja unataka mgawaji mmoja. Nikajaribu simu, video ikacheza bila kukwama. Nikasema hiyo DHCP nitaizima nikimaliza kula. Nikala omena, nikalala.

Kesho yake jioni ikashuka ile mvua ya Kisumu ya radi, stima ikapotea. Iliporudi, plot nzima waifai imejaa mistari yote na hakuna kitu inafunguka. WhatsApp inazunguka tu. Ukizima simu na kuwasha, mara inakubali, mara inakataa, na jirani yako kwa mlango unaofuata anacheka na YouTube.

"Radi," nikatangaza, hata sijaulizwa.

Nikaenda kwa boksi na tochi, watu nyuma yangu. Taa ya PON ilikuwa kijani imetulia, ya LOS haikuwa nyekundu, yaani faiba inasema waziwazi mimi sina shida. Mimi nikaitazama kwa huruma nikaambia watu hiyo kijani ni ya uongo, imepigwa ndani kwa ndani. Mama Mapacha akasema "ayie," yaani nakubali. Nikachangisha mia mia. Nikaenda tao nikanunua kebo ya Cat 6 na vichwa, nikashinda kwa staircase nikikata na kubana upya, nikisema rangi kwa sauti ili watoto wasome: machungwa-nyeupe, machungwa, kijani-nyeupe, bluu, bluu-nyeupe, kijani, kahawia-nyeupe, kahawia. Kazi safi. Intaneti bado.

Hapo nikageukia yule kijana amemaliza Form Four, wa nyumba ya pili, anayecheza gemu usiku. Nikamwambia mbele ya mamake huyu ndio anakula laini yote. Kijana aliniangalia tu. Nilifaa kuogopa vile alinyamaza.

Jaduong' akachoka akapigia kampuni, wakatuma fundi Jumamosi asubuhi, wakati wote tuko nyumbani tukifua. Dada mdogo hivi, begi moja, laptop moja. Nikampokea na brifu ya radi. Akanisikiza vizuri, kwa heshima, akachomeka laptop kwa swichi, akaandika ipconfig, amri ya kuonyesha kompyuta imepewa anwani gani, akauliza, "Getiwei yenu, ule mlango wa kutokea intaneti, ni 192.168.0.1?"

Nikasema ndio. Sikuwa najua.

"Kwa sababu boksi yetu ni 192.168.100.1. Kuna mtu humu ndani ana rauta nyingine inagawa anwani. Stima ikirudi hiyo ndogo inaamka haraka kuliko boksi ya faiba, simu zikiuliza nani atanipa anwani, anayejibu kwanza ndio anasikizwa. Halafu inawaambia wapitie kwake, na kwake hakuna barabara ya kutoka."

Watu wakasema eeeh. Mimi pia nikasema eeeh, tena nikaongeza, "Si niliwaambia kuna mtu!" Wueh. Nikikumbuka hapo natamani kujizaba kofi.

Dada akaanza kuping hiyo 0.1 mfululizo, yaani kuibishia hodi iitikie, majibu yakawa yanashuka kwa skrini. Akasema atakuwa anachomoa waya mmoja mmoja, ule ukitoka majibu yakatike, mwenyewe tunaye. Nani alisema tuanze na nyumba ya pili? Mimi. Akachomoa. "Inajibu," akasema. Kijana akatoa simu akaanza kurekodi. Akachomoa ya kwanza. Inajibu. Ya tatu, ya Kinyozi. Inajibu, na Kinyozi akapumua mpaka nikasikia. Kwa ya nne ndio kitu kikaniingia. Kwanza niliona omena. Sio rauta, jameni, niliona sahani ya omena, halafu nikajiuliza mbona naona omena, halafu jibu likatoka tumboni likapanda pole pole mpaka kwa masikio. Ya tano. Inajibu. Nikasema nafikiri nimeacha jiko. Mama Mapacha akanishika mkono: "Injinia ngoja, tunakaribia kumpata."

Ya sita. Inajibu.

Akashika ya saba, akaigeuza lebo kwenye mwanga, akaisoma kimoyomoyo, midomo ikitembea. Akaniangalia. Akachomoa.

Skrini ikanyamaza.

Hakuna mtu alisema kitu. Kuku alisema kitu. Kisha kijana akauliza, kwa adabu ya kuua, "Injinia ni nani?"

Msidhani iliishia hapo. Jaduong' akataka kuona kwa macho yake, so tukafuata waya ukutani, mimi mbele, plot yote nyuma taratibu kama tunasindikiza maiti, na nguo zangu za ndani ziko kwa kamba ya mlangoni nikazipita nikizisalimia kwa kichwa. Nikafungua. Rauta iko juu ya kabati, taa zote zinachekacheka, na kando yake ile sahani, sijaosha. Dada hakunisema hata kidogo. Aliingia 192.168.0.1, akazima DHCP, akaipa anwani 192.168.100.2 isigongane na boksi, akaniambia, "Ulibakisha kitu kidogo tu, kaka." Hiyo "kaka" iliniuma kuliko matusi.

Mengine ni ya haraka. Tulizima simu tukawasha, intaneti ikarudi. Kijana niliomba msamaha, akakubali lakini video hajafuta. Jaduong' amebadilisha lebo yangu, siwezi kuwaambia imeandikwa nini. Chumbani signal sasa ni tamu ajabu, ila hiyo siwezi kusema hapa plot.

Na nyinyi mnaonitumia jumbe za mia yenu: pesa ilinunua kebo, na iliyobaki nimeiweka kwa mlango. Kujeni na mkasi kila mtu akate mita zake.