Mita 3 na Kamba ya Mbuzi

Jamani, mimi na umeme wa jua hatuna ugomvi. Jua likizama betri zishike zamu, taa ziwake, nani atakataa? Ugomvi wangu ni kontena. Lile jeupe nyuma ya uzio wa shule, limepakwa rangi kama kibanda cha aiskrimu, ndani seli za lithiamu, yaani betri moja moja, zimepangwa hadi darini. Halafu anakuja bwana wa kofia ngumu: "Ni salama kabisa." Hilo "kabisa" ndilo linalonitoa jasho.

Betri ya simu ikivimba kama andazi, nyumba nzima inapiga kelele itupwe nje. Haya, zidisha kwa maelfu. Seli moja ikiwa na kasoro ya kiwandani au ikichajiwa kupita kiasi, inachemka, inamchoma jirani, jirani anamchoma wa pili. Joto hilo linajizidishia lenyewe, wala halingoji hewa ya nje kama kuni. Ukimwaga gesi ya kuzimia, miali inakufa, unajipongeza. Kumbe seli zinaendelea kupikika na kutema hidrojeni na kaboni monoksidi. Umezima jiko, mtungi unavuja.

Waulize Arizona, Marekani, mji unaoitwa Surprise, yaani Mshangao (jina sijalitunga mimi), tarehe 19 Aprili 2019. Kontena la betri lilichemka, gesi ya kuzimia ikamwagika kama ilivyopangwa. Kontena halikuwa na pa kupumulia. Zimamoto walingoja, wakapima hewa ya nje, wakafungua mlango. Dakika chache baadaye likalipuka, na wanne wao wakaumia vibaya.

Moss Landing, California, nako: betri za megawati 300 zilirundikwa ndani ya jengo la zamani la mitambo ya umeme. Ni kuwalaza wagonjwa wa surua kitanda kimoja! Moto wa 16 Januari 2025 ulihamisha watu kama 1,200, barabara kuu ikafungwa, shule za eneo lile zikafungwa kesho yake. Tarehe 18 Februari ukafufuka. Mwezi mzima! Hata makaa ya pilau ya harusi hayana subira hiyo.

Sasa wajenzi wa mitambo hii wanatenganisha makontena, na hapo nawapa haki yao. Lakini kanuni ya Marekani ya usalama wa betri hizi, NFPA 855, inataka kontena la nje likae mita 3 tu kutoka mpaka wa kiwanja, na majaribio ya moto yakipita, hata hizo zinaweza kupunguzwa. Mita 3! Kamba ya mbuzi ni ndefu kuliko hapo. Hesabu hiyo ni ya miali kuruka. Moshi wenye floridi ya hidrojeni, gesi ya sumu, haujawahi kuona futi kamba.

Bwana wa kofia atasema, "Betri zetu ni za chuma na fosfeti, si zile za nikeli na kobalti." Kweli, hizo hupata moto kwa shida zaidi. Ila zikishachemka, gesi yake ina hidrojeni tele, nayo hulipuka. Kwa hiyo usimwache anywe soda yake kwa amani. Paneli za kutolea mlipuko zinafumukia juu, au ubavuni zinakotazama bembea? Feni inawashwa na kihisi cha gesi, na umeme ukikatika inazungushwa na nini? Vipimo vya ndani vinasomeka kutoka getini, au mpaka mtu ashike kitasa? Mara nyingi zimamoto huliacha kontena liungue na kupoza kwa maji makontena jirani tu. Hayo maji, yenye masizi ya betri, yanateremkia mtaro wa nani?

Kinachonichekesha hadi machozi ni kengele ya shule. Moshi wa namna hii ukielekea kwako, watoto wabaki ndani, madirisha yafungwe, kiyoyozi kinachovuta hewa ya nje kizimwe. Lakini kengele ya moto imewafunza jambo moja tangu chekechea: tokeni, pangeni mstari, kusanyikeni uwanjani. Na uwanja uko wapi? Pale pale, kwenye uzio wa kontena.