Maji Yamerudi

Mimi nimekulia Mbagala, Dar es Salaam, kwa hiyo kwenye mambo ya maji nina digrii. Bomba likikohoa najua linasema nini. Saa nane za usiku najua ndiyo saa ya kukinga. Na ukisafiri unazima kila kitu, unakaza kila koki mpaka vidole viume. Elimu hiyo nilihama nayo hadi Minneapolis, huko Marekani, nikaja kuitumia yote kwa mkupuo.

Desemba nilikuwa narudi nyumbani likizo, wiki tatu. Mwenye nyumba wangu, mzee mpole tu, akanitumia ujumbe: "Usizime hita, iache kwenye 55. Shuka chini ufunge koki kubwa, kisha fungua mabomba, maji yaliyobaki yatoke."

Hamsini na tano! Dar mwezi wa pili ikigonga 33 tunahamia sakafuni, sembuse 55? Nyumba tupu nichemshie nani? Hata hivyo kwa heshima ya mvi zake nikajaribu. Kile kidude cha hita ukutani nilishakibadilisha siku ya kwanza kisome sentigredi, maana nyuzi zao za Fahrenheit zilikuwa zinanichanganya. Nikabonyeza, nikabonyeza, kikagoma kwenye 32. Nikasema basi, mzee kazeeka. Nikazima kabisa. Na habari ya kufungua mabomba halafu uondoke, jamani, hiyo hata mtoto wa Mbagala hafanyi. Nikakaza koki zote za humu ndani, ile kubwa ya chini hata sikuitafuta, nikapanda ndege.

Nimerudi Januari, nje hasi 25. Ndani mswaki umegandia kwenye kikombe, maji ya choo yamekuwa jiwe. Nikafungua bomba la jikoni: kimya, hata kikohozi hakuna. Mwingine angeshtuka. Mimi nilijisikia nyumbani kabisa. Kumbe na Marekani kuna mgao! Nikaliacha wazi, nikatega ndoo ili yakirudi niyasikie, nikawasha hita nyuzi 25, nikalala na koti.

Saa tisa usiku nikasikia maji. Nikaruka kitandani, "Yamerudi!", nikabeba ndoo ya pili na sufuria la pilau mbio jikoni.

Bomba kavu. Maji yalikuwa yanashuka kwenye tundu la taa.

Na niseme ukweli wa Mungu: nilianza kukinga. Nilikuwa nimeshajaza ndoo zote mbili na sufuria liko nusu ndipo akili ikafika, nikampigia mzee. Akafoka neno moja tu, koki! Kuitafuta huko chini, nyuma ya maboksi yangu, nikiwa nimevaa kandambili na maji yanafika kwenye vifundo, ni hadithi nyingine.

Asubuhi fundi bomba akakata dari, akanitolea kipande cha bomba la shaba. Kimepasuka urefu wa kidole, midomo imebinuka kama ya perege. Akanieleza: maji yakiganda yanatanuka karibu asilimia 9, na mimi nilikuwa nimekaza koki, kwa hiyo msukumo wote ukaishia kwenye bomba. Lakini barafu yenyewe ilikuwa imeziba ule ufa. Aliyeiyeyusha ni mimi na hita yangu.

Mzee naye akafika. Akatazama kidude cha ukutani. "Ishirini na tano?" Nikamwambia ndiyo, sentigredi. Akanitazama, akakitazama tena kidude, akatoa simu, akapiga hesabu taratibu, akanigeuzia kioo. Hamsini na tano zake ni 13 zangu. Kumi na tatu! Baridi ya Lushoto tu, hita ningeiacha iwake bila hata kuuliza.

Nikampigia mama Mbagala, walau nipewe pole. Nikamwambia mama, huku maji yamefurika nyumba nzima, yametoka mpaka kwenye taa.

Akanyamaza kidogo.

"Sisi huku leo siku ya nne hayajatoka," akasema. "Na madumu umejaza?"