Kromu haipulizwi, jamani

Nimechoka na mafundi wa "boss, hiyo nakupulizia silva, hutaona tofauti." Nitaiona! Bampa la gari langu, Volkswagen Beetle ya 1965, likipigwa rangi ya kopo linafanana na bomba la maji machafu.

Kazi yenyewe ni hivi: kromu ya zamani, yaani ule mpako wa metali unaong'aa, inavuliwa, chuma kinanyooshwa, kinasuguliwa mpaka vishimo vya kutu viishe, kisha kinazamishwa kwenye dawa na kupitishiwa umeme. Shaba kwanza, halafu nikeli, mwisho kromu. Tena ule mng'ao unaousifia kwa kiasi kikubwa ni wa nikeli. Kromu juu yake ni utando tu, haufiki hata sehemu moja ya elfu ya milimita. Kwa hiyo hauwezi kuficha uvivu wa mtu. Kila mkwaruzo ulioachwa chini utakuchekea juani.

Nikampata mmoja mwenye mapipa ya dawa. Bampa likarudi linawaka. Miezi minne ya upepo wa bahari, malengelenge, likaanza kubanduka kama ngozi ya nyanya. Namuuliza, shaba uliweka?

"Shaba ya nini tena, kaka?"

Basi nunua jipya, wakaniambia. Nikaagiza. Likaja la muundo wa 1968, lile nono la mraba, wakati langu ni jembamba lenye mviringo. Vishikio havikutani na matundu kabisa. Muuzaji: "Si yote ya Beetle?"

Gari liko uani, halina bampa la mbele. Watoto wa jirani wanaliita Kibogoyo.